Moto Katikati ya Baridi: Upozaji wa Injini ya Pikipiki ya Theluji katika Njia Zilizoshindiliwa

Utangulizi

Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Methali hii inaoana vyema na hali ya chombo ambacho makala hii inanuia kukieleza. Katika nchi za kaskazini ya mbali, mathalan Kanada, Ufini, Uswidi na jimbo la Alaska nchini Marekani, kipo chombo cha kusafiria juu ya theluji ambacho injini yake yaweza kuchemka hadi ikaharibika ilhali hewa inayoizunguka ina nyuzi 20 au hata 30 chini ya sufuri. Msafiri anatetemeka kwa baridi. Injini iliyo mbele ya magoti yake inaungua. Ajabu hii haitokei aghalabu palipo na theluji nyingi na laini. Hutokea katika njia ambayo theluji yake imeshindiliwa ikawa ngumu kama sakafu ya saruji.

Makala hii ina lengo la kujibu maswali matatu. Je, ni kwa nini injini ipate joto jingi mno mahali penye baridi kali? Je, msafiri hujuaje kwamba hatari imekaribia? Na je, afanye nini ili injini isimharibikie mbali na makazi ya watu?

Yamkini msomaji atauliza suala hili lina maslahi gani kwa mwanafunzi wa Kiswahili aliye Nairobi, Eldoret au Maseno. Majibu ni mawili. Kwanza, wasemaji wa Kiswahili hawaishi tena Afrika Mashariki na ya Kati pekee. Wapo wengi, hasa wenye asili ya Kongo, waliohamia Kanada na majimbo ya baridi ya Marekani, na kwao theluji ni jambo la kila mwaka. Pili, dai kwamba Kiswahili hakiwezi kueleza mambo ya sayansi na ufundi limejibiwa mara nyingi kwa hotuba. Mwandishi wa makala hii anaona kwamba jibu lenye uzito zaidi ni kueleza jambo lenyewe, tena jambo lililo mbali kabisa na mazingira yetu, ili tuone lugha inafika wapi.

Chombo chenyewe na asili yake

Pikipiki ya theluji huendeshwa kwa kukaliwa kama farasi, na ina usukani unaofanana na wa bodaboda. Haina magurudumu ya kukanyagia chini. Mbele ina mbao mbili za kutelezea ziitwazo skii, ambazo hugeuzwa kwa usukani. Nyuma ina mkanda mpana wa mpira wenye meno, unaozunguka mfululizo na kuisukuma mbele. Mkanda huo huzunguka chini ya bamba la alumini lililokunjwa mfano wa handaki, na juu ya handaki hilo ndipo kiti kilipo. Watu wa Alaska hukiita chombo hiki kwa jina lenye maana ya mashine ya theluji. Katika makala hii tutatumia pikipiki ya theluji, kwa kuwa jina hilo linampa msomaji wetu picha ya namna chombo kinavyokaliwa na kuendeshwa.

Historia ya chombo hiki si ya mchezo. Mwaka wa 1924, Carl Eliason wa Sayner katika jimbo la Wisconsin nchini Marekani alitengeneza kitelezi chenye injini, akapata hataza yake mwaka wa 1927. Katika kijiji cha Valcourt, jimbo la Quebec nchini Kanada, fundi aliyeitwa Joseph-Armand Bombardier alifiwa na mwanawe mdogo wakati wa kipupwe cha mwaka wa 1934. Mtoto aliugua tumboni, na kwa kuwa barabara zilikuwa zimefunikwa na theluji, haikuwezekana kumfikisha hospitalini. Bombardier, ambaye tangu ujana wake alikuwa akijaribu kuunda gari la kwenda juu ya theluji, aliendelea na kazi hiyo hadi akapata hataza ya mfumo wa mkanda mwaka wa 1937. Pikipiki ndogo ya theluji aina ya Ski-Doo ilitoka katika karakana yake mwaka wa 1959. Kuanzia miaka ya 1960, chombo hiki kilichukua nafasi ya mbwa wavutao sleji miongoni mwa Wainuiti wengi. Katika eneo la Nunavut, ambako vijiji havijaunganishwa kwa barabara, mwindaji anayekwenda kutafuta chakula cha jamaa yake huitegemea injini hiyo kwa uhai wake. Injini ikifa kilomita 80 kutoka kijijini, tatizo si gharama ya fundi bali ni baridi na usiku.

Jinsi injini inavyopozwa

Kila injini inayochoma petroli hutoa joto jingi kuliko inavyotoa nguvu. Sehemu ya joto hilo hutoka na moshi. Sehemu nyingine hubaki katika chuma cha injini na ni lazima iondolewe, la sivyo pistoni itatanuka hadi ikwame ndani ya silinda. Mafundi wetu wa jua kali husema kwamba injini imenoki. Kuna njia tatu kuu za kuliondoa joto hilo katika pikipiki za theluji.

Njia ya kwanza ni ya hewa tupu. Silinda huwa na mapezi ya chuma, kama yale ya bodaboda, na upepo wa safari hupita katikati yake. Njia hii ilitumika zaidi katika pikipiki za zamani. Njia ya pili ni ya feni. Feni inayozungushwa na injini yenyewe huipuliza hewa baridi juu ya silinda hata chombo kinapokwenda polepole. Njia ya tatu, ambayo ndiyo kiini cha makala hii, ni ya maji. Maji yaliyochanganywa na dawa ya kuzuia kuganda huzungushwa na pampu ndani ya injini, yakalichukua joto, kisha yakapelekwa mahali pa kupozwa.

Tofauti na matatu zetu iko hapa. Matatu ina rejeta mbele, na hewa hupita ndani yake. Pikipiki nyingi za theluji zinazopozwa kwa maji hazina rejeta ya namna hiyo. Badala yake, zina vipozaji, yaani mabomba bapa ya alumini, yaliyofungwa ndani ya handaki juu ya mkanda. Mkanda unapozunguka huichota theluji na kuirusha juu. Theluji hugonga vipozaji, ikayeyuka na kuondoka na joto. Kwa lugha nyepesi, pikipiki hii hula theluji ili ipoe.

Mfano ulio karibu nasi ni injini ya boti kule Lamu au katika Ziwa Viktoria. Injini ile inayofungwa nyuma ya boti huyavuta maji kupitia mguu wake, huyazungusha ndani, kisha huyatema. Haibebi maji yake ya kupozea kwa sababu imezungukwa na maji. Nahodha yeyote anajua kwamba kuiwasha injini hiyo nchi kavu kwa muda ni kuiua. Pikipiki ya theluji ina mkataba wa namna hiyo hiyo na mazingira yake. Njia iliyoshindiliwa ndiyo nchi kavu yake.

Nguvu ya theluji katika kupoza

Inafaa tuoneshe kwa hesabu ni kwa nini waundaji walichagua theluji badala ya hewa. Kuyeyusha kilo moja ya theluji iliyo katika nyuzi sufuri huhitaji nishati ya kilojuli 334 hivi. Nishati hiyo yatosha kuyapasha moto maji ya uzito uo huo kutoka nyuzi sufuri hadi karibu nyuzi 80. Kilo moja ya hewa, kwa upande mwingine, ikipashwa moto kutoka nyuzi 20 chini ya sufuri hadi nyuzi 10 juu ya sufuri, hubeba takriban kilojuli 30 pekee. Kwa mujibu wa hesabu hii, kilo ya theluji inayoyeyuka hubeba joto mara kumi na moja zaidi ya kilo ya hewa.

Tuchukulie kwamba maji ya kupozea yanapaswa kuondolewa joto la kilowati 20. Theluji ya kilo tatu na nusu hivi ikiyeyuka juu ya vipozaji kila dakika, kazi imekwisha. Kazi hiyo hiyo ikifanywa na hewa ingehitaji kilo 40 za hewa kila dakika, tena hewa hiyo ipite vizuri katika kila pembe ya rejeta. Ndiyo maana vipozaji vya theluji huwa vyepesi na havichukui nafasi. Ila wepesi huo una bei yake: kilo tatu na nusu zile zisipofika, hakuna kingine cha kutosha kushika nafasi yake.

Kwa nini njia ngumu ni tatizo

Theluji inapoanguka huwa tifutifu, na chembe zake zimeachana. Ikipitiwa na vyombo vingi, au ikiburutiwa mashine ya kusawazisha njia, chembe hizo hubanana na kuungana. Jua la mchana likiiyeyusha kidogo na usiku ukaigandisha tena, hugeuka kuwa ukoko mgumu. Meno ya mkanda hupita juu ya ukoko huo yakitafuta pa kuuma. Chombo kinakwenda mbele vizuri, pengine kwa kasi nzuri kuliko kwenye theluji laini, lakini hakuna kinachorushwa juu. Vipozaji vinabaki vikavu.

Hapa mwanafunzi wa lugha ana jambo la kutafakari. Kiswahili kina neno theluji, lenye asili ya Kiarabu, na neno barafu, lenye asili ya Kiajemi. Katika Kiajemi, neno lililotupa barafu lina maana ya theluji inayoanguka. Kiswahili kiliyapokea yote mawili kikayagawia kazi: theluji ni ile iangukayo kutoka angani, barafu ni maji yaliyoganda yakawa mwamba. Mgawo huo ndio hasa unaotenganisha usalama na hatari katika suala letu. Pikipiki hupozwa na theluji, haipozwi na barafu. Njia inapogeuka kutoka theluji ikawa barafu, chakula cha injini kimegeuka jiwe.

Ubaya huo hauishii kwenye injini. Ndani ya mkanda mna reli mbili, na chini ya kila reli kuna utepe wa plastiki ngumu ambao juu yake vishikizo vya chuma vya mkanda huteleza. Tutauita utepe huo kitelezi. Vitelezi hivi havitiwi mafuta. Kilainishi chake ni theluji na maji yanayotokana nayo. Theluji ikikosekana, msuguano huongezeka, plastiki hulainika, na mwisho huyeyuka na kugandamana na chuma. Kwa hiyo, hata pikipiki inayopozwa kwa feni, ambayo injini yake haihitaji theluji, ina sababu ya kuiogopa njia iliyoshindiliwa.

Dalili za hatari

Dalili ya kwanza ni ile ya geji au taa ya joto iliyo mbele ya dereva. Kiwango cha kawaida hutofautiana kutoka aina moja hadi nyingine, na kila dereva hana budi kukijua cha chombo chake. Jambo la kuangaliwa zaidi ni mwendo wa sindano au tarakimu: joto linalopanda bila kushuka ni onyo hata kabla taa haijawaka. Dalili ya pili ni ya macho. Katika theluji nzuri, mvuke mwepesi huonekana nyuma na pembeni mwa handaki, na theluji hubaki imeganda juu ya mbao za kuwekea miguu. Mbao hizo zikikauka kabisa na handaki likawa la moto, theluji haifiki. Dalili ya tatu ni ya pua. Harufu tamutamu ya maji ya kupozea yanayovuja, au harufu ya plastiki inayoungua, humwambia dereva asimame. Dalili ya nne ni injini kupoteza nguvu. Injini ikifikia hapo, muda uliosalia ni mfupi.

Mbinu za kupoza

Mbinu ya kwanza, na iliyo nafuu kuliko zote, ni kuchepuka. Kandokando ya njia ngumu aghalabu huwa na theluji iliyosukumwa pembeni ambayo bado ni laini. Dereva huuingiza mkanda humo kwa mita kadhaa, na joto la maji huanza kushuka baada ya muda mfupi. Anapaswa kwanza kuhakikisha kwamba hapo pembeni hapana mawe, visiki au mtaro uliofichwa na theluji, na kwamba sheria za eneo hilo zinamruhusu kutoka njiani.

Mbinu ya pili ni matumizi ya vikwaruzi. Hivi ni vijiti vya chuma cha springi au vya waya mnene, vinavyofungwa kwenye reli za mkanda au kwenye skii. Ncha zake huikwaruza barafu na kutoa vumbi la theluji, ambalo mkanda hulibeba na kulirusha juu ya vipozaji na vitelezi. Kwenye theluji laini na penye lami, vikwaruzi huinuliwa na kufungwa visichakae bure. Vile vya kijiti kimoja kilichonyooka huweza kuvunjika dereva akirudi nyuma bila kuviinua. Vipo vingine vilivyoundwa vipinde vyenyewe na kustahimili kurudi nyuma. Ikumbukwe pia kwamba vumbi hilo humziba macho anayefuata nyuma, hivyo wanaosafiri pamoja wanapaswa kuachiana nafasi.

Mbinu ya tatu ni kupunguza mzigo na kasi. Injini inayovuta sleji iliyojaa, au inayoendeshwa kwa kasi muda mrefu, hutoa joto zaidi. Aidha, kasi kubwa huyeyusha vitelezi haraka. Baadhi ya madereva huongeza magurudumu madogo ndani ya mkanda ili yabebe sehemu ya uzito na kuvipunguzia vitelezi msuguano.

Mbinu ya nne ni kusimama. Kusimama huku injini inanguruma si kupumzika, kwa maana mkanda hauzunguki na hakuna theluji inayorushwa. Ni heri injini izimwe, kisha dereva arundike theluji kwa koleo au kwa mikono juu ya handaki na juu ya mbao za miguu, mahali palipo karibu na vipozaji. Theluji haifai kutupwa juu ya injini yenyewe ikiwa moto, kwani chuma kikipozwa ghafla upande mmoja huweza kupasuka.

Mbinu ya tano hufanyika nyumbani kabla ya safari. Maji ya kupozea yanafaa kuwa mchanganyiko wa nusu maji na nusu ethilini glaikoli. Mchanganyiko huo hustahimili baridi ya takriban nyuzi 37 chini ya sufuri kabla ya kuganda, na pia huchemka katika joto la juu kuliko maji matupu. Mfumo usiwe na hewa iliyonaswa ndani, kwa sababu puto la hewa huyazuia maji kuzunguka. Mkanda ukazwe ipasavyo, usilegee wala kukaza mno. Kipande cha mpira kinachoning'inia nyuma ya handaki kisikatwe kwa ajili ya urembo, maana kazi yake mojawapo ni kuirudisha theluji kwenye vipozaji badala ya kuiacha iruke nyuma. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tahadhari mbili

Kifuniko cha maji ya kupozea kisifunguliwe injini ikiwa moto. Maji yaliyo ndani yana shinikizo na yatamrukia usoni anayefungua. Jambo hili analijua kila utingo aliyewahi kusimama kando ya matatu iliyochemka kwenye mteremko wa Mai Mahiu, lakini aliyepigwa na baridi na mwenye haraka ya kufika huweza kulisahau.

Tahadhari ya pili ni kinyume cha suala letu. Injini ya mipigo miwili ikiwashwa asubuhi na kukimbizwa papo hapo, pistoni ya alumini hupata moto na kutanuka haraka kuliko silinda inayozungukwa na maji yaliyo baridi kama barafu. Pistoni hukwama hata kabla geji haijaonesha joto lolote. Kwa hivyo dereva anayeiogopa njia ngumu asije akaona kwamba ubaridi ni salama kila wakati. Injini hutaka joto la kadiri: ipashwe taratibu asubuhi, ipozwe vyema mchana.

Haja ya maarifa haya leo

Mashindano ya Iron Dog yaliyoanza Alaska mwaka wa 1984 hupitia zaidi ya kilomita 3,000, na sehemu za njia hiyo ni barafu ya mito na ya pwani ambapo theluji ni haba. Washindani hujiandaa kwa vikwaruzi, kwa vifaa vya akiba na kwa mwenzi wa safari. Mwindaji wa kijijini hana magari ya msaada wala watazamaji. Aidha, maeneo ya Aktiki yanapata joto kwa kasi kubwa kuliko sehemu nyingi za dunia. Theluji inayoyeyuka kidogo na kuganda tena, au kunyeshewa mvua katikati ya kipupwe, hugeuka ukoko. Tatizo la injini kukosa theluji si la wapenda michezo peke yao.

Hitimisho

Makala hii imeeleza kwamba injini ya pikipiki ya theluji huchemka kwenye njia iliyoshindiliwa kwa sababu imeundwa ipozwe na theluji inayorushwa, wala si kwa baridi ya hewa. Imeonesha kwamba theluji hiyo hiyo ndiyo kilainishi cha vitelezi, na kwamba dawa zake kubwa ni kuchepuka, kukwaruza, kupunguza mzigo na kasi, kusimama na kujiandaa mapema.

Kuhusu lugha, msomaji ameona kwamba maneno mengi tuliyoyahitaji yalikuwapo tayari: mapezi, handaki, mkanda, ukoko, kushindilia, kukwaruza. Mengine tuliyaunda kwa vitenzi vyetu, kama vile kipozaji, kitelezi na kikwaruzi, na machache tuliyatohoa. Mwandishi hadai kwamba istilahi hizi ndizo za mwisho. Wahadhiri na wanafunzi wenzangu wanaalikwa kuzikosoa na kupendekeza zilizo bora. Kigezo kiwe kimoja: je, mtu aliye peke yake kwenye barafu, jioni inaingia na taa ya joto imewaka, akisomewa maelezo haya kwa Kiswahili, atajua la kufanya?